Kofre Isiyohitaji Mtandao, na Bwate ya Mama Devota

Vijana, mimi Kasereka nimestaafu. Msicheke. Najua kichwa changu hakina mvi za kutosha, na nikicheza kwa arusi wasichana wa rika lenu wanaomba muziki uzimwe wapumzike. Lakini nimestaafu kabisa, na ni simu zenu njo zilinistaafisha. Nilikuwa na siberi ya kwanza Walikale, ile nyumba ya mashini sita, yaani kompyuta, ambako watu walikuja kusoma barua zao na kutafuta habari. Ya kwanza, si ya pili. Ile ya pili ilifunguliwa nyuma yangu na ikafungwa mbele yangu. Leo kila mmoja wenu anatembea na siberi yake mfukoni, basi mimi nimebaki na mdomo tu, na mdomo wangu bado ni mzima.

Nimeanza kuandika hii sababu mwezi jana, sokoni Ngungu, nilimwona binti mmoja ameazima simu ya mwenzake. Akafungua bwate yake, yaani sanduku lake la barua pepe. Simu ikamuuliza kama ilikumbuke neno lake la siri. Akabonyeza ndiyo, haraka, kama mtu aliyeulizwa kama anataka nyama. Nikamwambia, "Binti, umempa mwenzako funguo za nyumba." Akanijibu, "Papa, ni rafiki yangu." Haya. Na rafiki yako akimwazima kaka yake simu? Na kaka akiiuza?

Mimi mambo haya niliyajua kwa njia ngumu. Nilikaribia kumpotezea mama mmoja binti yake, kwa sababu ya neno la siri la alama kumi na sita. Nitajisifu mara nyingi humu ndani, mnanijua, lakini mshike hilo: Mama Devota alikuwa anamtafuta Aline, na mlango wa kumpata nilikuwa nimeufunga mimi.

Mama Devota alikuwa mkulima wa milima ya Ngungu, maharagi na mihogo. Vita ilimsukuma hadi Walikale na mfuko mmoja na simu iliyokufa. Alikuja kwangu na kikaratasi kilichokunjwa mara nane. Juu yake Aline, binti yake aliyekuwa anasoma uuguzi Bukavu, alikuwa ameandika anwani yake ya barua pepe, ndefu, ya namba na vistari.

"Papa Kasereka," akaniambia, "wanasema weye unaweza kuongea na mutoto wangu kwa hii."

"Mama," nikamwambia, "mimi naweza kuongea na Papa wa Roma kwa hii, akijibu."

Nikamfungulia bwate. Nikaandika barua, nikaituma, na siku ya soko iliyofuata Aline alikuwa amejibu. Mama Devota hakusoma vizuri, basi mimi nilisoma kwa sauti, na yeye aliniambia nirudie pale Aline anaposema amekula. Tukaendelea hivyo, kila soko barua moja. Halafu siku moja Aline akaandika kwamba hata kule vita inakaribia, yeye na wenzake wanaondoka, na atakapofika mahali ataandika. Hiyo njo barua tuliyokuwa tunangojea wakati mambo yaliharibika.

Lakini ngoja kwanza niwaeleze namna maneno ya siri yalivyokuwa yanaishi kwangu.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Mashini nilijifunza mwenyewe, kwa kuibonyeza kila mahali mpaka ikasirike. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba sabuni na betri mgongoni mpaka mgodi wa Bisie, siku mbili za msitu, matope ya kiuno, na sikuwahi kuangusha hata betri moja. Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Mama Riziki. Yeye alifanya kazi ya phonie, redio ya kuongea mbali, miaka mingi kabla simu hazijafika kwetu. Alikuwa na nyumba karibu na siberi, sauti ya amri, na hakuwa na huruma. Mara ya kwanza alinisikia nikipanga mzigo kwa phonie, aliniondoa kwenye kiti.

"Kasereka, unaongea kama mutu analipwa kwa kila neno. Umetaja gari, njia, saa na jina ya dereva. Ni nani hajakusikia?"

"Niliongea na Butembo, Mama."

"Uliongea na kila mwenye redio. Yule anayekungojea na kikombe ya chai amesikia. Na yule anayekungojea porini, naye amesikia."

Toka siku hiyo nilijua kitu ambacho wengi wenu, na diploma zenu, hamjakijua: siri si kitu unachokisema polepole, ni kitu ambacho hukisemi.

Nilikijua, na bado nilifanya ujinga. Kwetu Walikale, mtu akileta simu kuchaji, anaiacha na anakwenda zake sokoni. Basi wateja wangu walifanya vilevile na maneno ya siri. Waliniachia. Nilinunua kaye moja nene, daftari ya mistari, nikaandika jina la kila mteja, bwate yake, na neno lake. Mfanyabiashara, mwalimu, muuguzi, mnunuzi wa kasiterite, yale mawe ya bati, wote walikuwa ndani. Mtu akiingia, kabla hajakaa, anapiga kelele toka mlangoni, "Kasereka, neno yangu ni nini?" Nami nampigia kelele jibu. Siberi nzima inasikia. Tulikuwa na furaha sana.

Na maneno yenyewe! Nyinyi mnajua sisi Wanande: watoto wetu wanapewa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka kama mimi, wa nne Kakule, na kuendelea. Na wafanyabiashara wetu wote, kama vile walipatana, waliweka jina la kijana wao wa mwisho. Siku moja Papa Mbusa, mwenye malori, mtu mzito anayetembea kama anasukuma ukuta, alisema mbele ya wote kwamba yeye hahitaji kaye, neno lake halijulikani na muntu.

"Papa Mbusa," nikamuuliza, "una vijana wangapi?"

"Wane, Mungu asifiwe."

"Kakule."

Siberi ililipuka. Papa Mbusa alisimama, akanyoosha kidole, akakaa tena. "Huyu ni mulozi," akasema.

"Hapana Papa, anajua kuhesabu mpaka ine," akajibu Mama Riziki toka mlangoni. Yeye hakucheka. Aliingojea siberi itulie, akauliza: "Na muntu mubaya, yeye hajui kuhesabu?"

Hapo kicheko kilikauka. Papa Mbusa alitoa kitambaa akajipangusa shingo. Malori yake yalipangwa kwa barua pepe zile zile.

Basi Mama Riziki na mimi tukakaa juma zima kutafuta dawa. Kutafuta kofre, ndivyo tulivyoita: programu ya kutunza maneno ya siri, yote pamoja, chini ya neno moja kubwa ambalo unalijua wewe tu. Ukiwa nayo, kila bwate na kila ukurasa unapata neno lake tofauti, refu, lisilo na maana, na wewe hukumbuki hata moja, unakumbuka lile kubwa tu.

Tulianza na kile kilichokuwepo bure, ile kumbukumbu ya kivinjari chenyewe. Kwa mashini ya watu wengi ile ni msiba. Wateja wangu walikuwa wanabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Papa Mbusa siku moja aliandika herufi moja tu, akafunguliwa bwate ya mwalimu mkuu, akasoma barua ya mapenzi mpaka mwisho. Saa sita mchana soko lote lilijua kwamba mwalimu mkuu anaitwa "njiwa wangu." Nikazima ile kumbukumbu kwa mashini zote sita. Nanyi mkitumia simu ya mtu ao mashini ya ofisi, mkatae. Hata kama ni rafiki.

Halafu nikachagua mimi, kwa macho, kofre nzuri ya rangi ya buluu. Ukiifungua inakusalimia kwa jina. Nilimwita Mama Riziki aione. Aliitazama, akatoka nje, akang'oa ukutani waya wa parabole, ile sahani ya mtandao.

"Fungua sasa."

Ikazunguka. Ikazunguka. Ikasema haina mtandao. Ile kofre ilikuwa inakaa mbali, kwa mashini za watu ng'ambo, mimi nilikuwa nimepewa dirisha tu. Nasikia ziko zingine za namna hiyo zinazobakiza kopi kwako. Yangu haikubakiza kitu.

"Siku tunakimbia," akasema Mama Riziki, "kitu ya kwanza kufa ni mutandao. Na siku hiyo njo utahitaji funguo."

Hapo tukachukua ya tatu. Haikuwa na rangi. Ilifanana na fomu ya kodi. Lakini kofre yote ilikuwa faili moja ndogo, inakaa kwako, kwa mashini ao kwa flashi, inafunguka hata katikati ya msitu kama una betri. Ilikubali mashini zangu kuukuu na ilikubali simu. Namna ilivyotengenezwa iko wazi, wenye elimu wanaweza kuikagua, na wameikagua. Ukiiacha dakika moja inajifunga yenyewe. Ukikopi neno, baada ya nusu dakika inalifuta, ili mteja anayefuata asilibandike mahali. Na kivinjari tulikifunga nayo kwa kiungo kidogo ndani ya mashini ileile, basi ukifika kwa ukurasa wako wa kila siku neno linajiandika lenyewe. Nilichopenda kuliko vyote: kiungo kile kinatazama anwani ya ukurasa. Siku moja nililetewa ukurasa wa uongo, unafanana na ule wa kweli kama mapacha. Mimi nilidanganyika. Kofre ilinyamaza kama mke aliyenuna. Nikatazama vizuri, kumbe anwani ina herufi moja ya ziada.

Mama Riziki aliongeza sheria mbili. Ya kwanza, kopi moja ya faili, pamoja na programu yake, ikae kwa mtu mwingine, mahali pengine, na mtu huyo asijue neno kubwa. Mwenye kopi hana neno, mwenye neno anaweza kupoteza kopi. Kopi aliichukua yeye mwenyewe, flashi ndogo, akaishona ndani ya pindo la kitenge chake. Ya pili ilinihusu mimi.

"Neno yako kubwa iwe sentensi nzima, ndefu. Na isiwe kitu unachojivunia."

"Sababu gani?"

"Sababu kila kitu unachojivunia umeshakisema kwa watu wote. Weka kitu ambacho hujawahi kuambia muntu."

Nilifikiri siku mbili nzima kabla ya kupata kitu cha namna hiyo. Nikakipata. Nikakiandika mgongo ukiwa ukutani.

Wateja sasa. "Kasereka, usiweke yangu kwa mashini, weka kwa kaye, kaye naiona." Wote walikataa. Ni Mama Devota tu aliyekubali, sababu aliniamini. Bwate yake njo ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye kofre. Kofre ikamtungia neno la alama kumi na sita, herufi kubwa na ndogo, namba, mkwaju, alama ya kuuliza, kitu ambacho hata mimi nilikiogopa. Nilimwambia, "Mama, hili hata shetani hatalijua." Jioni Mama Riziki akafumua pindo, akachukua kopi mpya, akashona tena. Nami kwa tabia ya zamani nikaliandika pia ndani ya kaye.

Siku ya kukimbia ilikuwa mchana, jua kali, sauti za bunduki zinatoka upande wa kilima. Kila mtu alikamata kitu. Nilimwona mtu anakimbia na kitasa cha mlango. Mimi, mtaalamu, mwenye siberi ya kwanza, niliacha flashi yangu ndani ya mtoto wa meza, nikakamata kaye! Mikono ilichukua ile iliyozoea. Mama Riziki akapanda gari la kwenda Masisi. Mimi na wengi tukashika msitu, na Mama Devota alikuwa mbele yetu, anatembea haraka kuliko vijana.

Kwenye barieri ya tatu, kizuizi cha njiani, mtu mwenye bunduki alinigusa tumboni, akasikia kitu kigumu. Akatoa kaye chini ya shati langu. Fikirini wenyewe: wakati wa vita, mtu mmoja, daftari limejaa majina ya wakubwa wa mji, na mbele ya kila jina kuna kode. Lakini mdomo wangu, nimewaambia, ni mzima.

"Nini hii?"

"Batizo, shefu. Ni orodha ya watoto wa batizo."

Akapindua karatasi. "Paluku. Kambale. Kasereka." Akanitazama. "Kambale sabini na saba?"

"Wa sabini na saba kubatizwa, shefu. Mwaka ulikuwa muzuri."

"Na huyu? Kakule, na alama ya mushangao?"

"Huyo alilia sana kwenye maji."

Nyuma yangu nilisikia watu wanauma midomo. Akafika kwa mstari wa Mama Devota, zile alama kumi na sita. Akageuza kaye juu chini, akaigeuza tena. "Na hii ni jina ya kabila gani?"

"Baba yake alitoka mbali sana, shefu."

Alicheka. Kweli alicheka, na wenzake wakacheka, na Mungu akapita pale. Lakini walikuwa wanachoma mahindi, na makaa yalikuwa yanazimika. Akachana karatasi moja, akawashia. Akachana nyingine. Kaye yote iliisha mbele ya macho yangu, na aliponiachilia alinipa hindi moja la moto. Nililila nikitembea. Nilikula Walikale nzima.

Tuliporudi baada ya majuma, mashini zilikuwa zimeondoka, na mtoto wa meza na flashi yangu ndani, hata kiti. Parabole ilibaki juu ya nyumba, bila shaka hakuna aliyejua aivae wapi. Mnara wa simu ulikuwa kimya, wameuibia mafuta na betri. Nikapata mashini moja kuukuu kwa muuzaji mmoja, nikaiunga na parabole na paneli ya jua, na kufikia saa nne asubuhi mtandao ulikuwa unaingia. Watu wakapanga foleni. Kaye haikuwepo. Mngekuwa nyinyi mngelia. Mimi niliketi juu ya ndoo nikaita:

"Wa kwanza! Papa, vijana wangapi?"

"Wawili."

"Kambale. Ingia. Anayefuata!"

Nilifungua mji mzima asubuhi moja kwa kuhesabu watoto, wenye kuongeza namba ao alama walizikumbuka wenyewe, na kila aliyeingia nilimlazimisha abadilishe neno kabla ya kusoma hata barua moja. Watu walipiga makofi. Nilikuwa juu, vijana, nilikuwa juu kabisa.

Mwisho wa foleni alisimama Mama Devota. Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa.

"Na yangu?"

Ndoo ikawa baridi chini yangu. Nikajaribu ile ya "umesahau neno lako": ikatuma kode kwa namba ya simu yake, na ile simu, kadi ikiwa ndani, ilikuwa imebaki kwenye matope ya msituni. Kuandika kwa Aline toka bwate yangu? Anwani ile ndefu ilikuwa kwenye kikaratasi kilichopotea na simu, na ndani ya bwate iliyofungwa. Aline mwenyewe alijua anwani moja tu ya mama yake, hiyo hiyo.

"Uliniambia hata shetani hatalijua," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na weye?"

"Hata mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Lori ya Papa Mbusa inaondoka saa nane kwenda Bukavu," akasema. "Kitu ya mwisho ninayojua, mutoto alikuwa Bukavu. Nitaenda kumutafuta pale."

"Mama, aliandika kwamba wanaondoka Bukavu! Na njia ile wanapigana!"

"Basi unionyeshe njia ingine."

Ilikuwa karibu saa sita. Na saa sita, kila siku tangu tukimbie, Mama Riziki aliketi kwa phonie ya kituo kimoja cha afya Masisi. Nilikimbia mpaka depo ya Papa Mbusa, aliyekuwa na phonie ya malori yake. Ndani walikuwa wapakiaji, madereva, mama wa chai, na wote waliokuwa wamenipigia makofi. Mama Devota alinifuata, mfuko kichwani.

"Masisi, Masisi, hapa Walikale. Mama Riziki, unanipata? Kwako." Kwa phonie ndivyo tunavyompa mwenzetu zamu ya kusema.

"Nakupata tano kwa tano, Kasereka. Uko muzima? Kwako."

"Muzima. Mama, ile kitu ya kitenge chako, unayo? Kwako."

"Iko. Na hapa kuna mashini ya ofisi. Haina mutandao. Kwako."

"Haihitaji mutandao!" nikapiga kelele, na nakubali kwamba hata saa ile nilijisifu. "Weka flashi, fungua faili, nikupe neno kubwa, unisomee ya Mama Devota. Kwako."

"Kwa hewa? Hapana! Kasereka, nilikufundisha nini? Kwako."

"Lori inaondoka saa nane na yeye ndani yake. Nitabadilisha yote mawili dakika ileile. Kwako."

Alifumua pindo, akaweka flashi, akarudi: "Mashini iko tayari. Sema neno. Kwako."

Nikatazama depo. Watu arobaini. Na hewani, Masisi yote na Walikale yote, wenye malori, masista, watu wa barieri. Nikafunika mdomo kwa mkono nikasema polepole sana.

"Sauti haifike. Rudilia."

Nikarudilia.

"Nasikia 'ata.' Ata nini? Epela, herufi kwa herufi!"

"Bravo!" nikapiga kelele, jasho linashuka. "Alpha! Tango! Alpha!"

"Bata?"

"Bata, Mama."

Mama wa chai aliweka birika chini. "Endelea," ikasema phonie. Nikaendelea, neno kwa neno, sentensi yote, wazi, tano kwa tano: bata wa masista alinipandisha juu ya pipa la maji.

Ni kweli. Nilipeleka sabuni kwa masista, miaka ile ya kwanza, na bata dume mmoja alinikimbiza mpaka nikapanda juu ya pipa, nikakaa pale tangu misa mpaka chakula. Mimi niliyepita msitu wa Bisie. Ninawaogopa mpaka leo.

Depo ilianguka kwa kicheko. Papa Mbusa alilala juu ya magunia ya maharagi akilia machozi. Na hewani, katikati ya kelele, sauti ya mtu nisiyemjua, toka sijui mlima gani, ikauliza kwa heshima kubwa: "Samahani, bata ilikuwa moja ao mbili? Kwako."

"Moja!" nikajibu. "Ondoka kwa hewa!"

"Imefunguka," akasema Mama Riziki. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na siyo kwa huzuni. "Chukua kalamu."

Alinisomea alama kumi na sita, moja moja. Niliziandika juu ya mkono wangu. Nikakimbia kurudi siberi, Mama Devota nyuma yangu, mji mzima nyuma ya Mama Devota, wengine wanatembea kama bata. Nikaandika. Ikakataa. Nikatazama mkono: jasho lilikuwa limefanya herufi kubwa ikawa ndogo. Nikaandika tena.

Bwate ikafunguka. Barua tatu za Aline.

Nilisoma ya mwisho kwa sauti. "Mama, sasa niko Lubutu. Nasaidia kwa wodi ya wazazi, nalala kwa muuguzi mkubwa, niko muzima. Kama unasoma hii, jibu. Nimekula."

Lubutu! Upande wa Kisangani! Lori lilikuwa limegeuza pua kuelekea Bukavu, kinyume kabisa.

"Rudilia," akasema Mama Devota.

Nikarudilia yote. Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akainua mfuko wake toka chini. Nje palikuwa na mwendesha pikipiki wa njia ya Lubutu, na Mama Devota alikuwa ameshapatana naye bei kabla sijaandika jibu, "Mama anakuja, usitoke hapo."

Hapa sikilizeni, vijana: neno lililosemwa hewani limekufa, hata kama lilisemwa kwa sababu nzuri. Siku hiyohiyo nilibadilisha neno la bwate, na nikatengeneza kofre mpya yenye sentensi kubwa mpya, ambayo hamtaijua, hata mkininywesha. Lakini la bwate nilitaka alichague mwenye bwate. Nikatoka mbio na karatasi.

"Mama Devota! Ngoja! Hatujaweka neno jipya! Bwate yako iko wazi!"

Alikuwa ameshapanda, mfuko kati yake na mwendeshaji, mikono imeushika.

"Weka unalotaka, Kasereka."

"Lakini utalihitaji kwa kuandikia Aline!"

Alinicheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kumuandikia nini? Nitakuwa naye."

Akampiga mwendeshaji begani, na wakaenda.